Maziwa yanatoka na mtoto hayupo

TUSEME wewe ni mama wa miaka 30 huko Makongeni na kitinda mimba wako yuko shule. Miezi minne hujaona siku zako, na unapooga unaona titi linatoa maziwa. Katika mtaa huo uliojengewa wafanyakazi wa reli, ukuta una masikio. Kabla ya wiki kwisha jirani amesema umetoa mimba, mama mkwe ametaja mganga, na mume amenuna.

Ndugu msomaji, kwanza pimwa mimba. Kama huna, mweleze daktari dawa unazomeza, maana baadhi ya dawa za maradhi ya akili, na hata za kuzuia kutapika, huleta maziwa. Tezi ya shingo ikizembea pia huyaleta. Hayo yakiondolewa, huenda chanzo kiko kichwani, kwenye tezi iitwayo pituitari. Ni ndogo kama punje ya minji, iko chini ya ubongo nyuma ya pua, nayo huamrisha tezi nyingine nyingi za mwili. Uvimbe ukiota humo, aghalabu usio wa saratani, huweza kumimina homoni ya prolaktini, ile inayomtengenezea mama maziwa. Hedhi hukatika na mimba haishiki. Wanaume pia hupatwa: nguvu za kiume hupungua, nao hawamwambii mtu!

La kufurahisha ni kwamba uvimbe huu kwa kawaida hautaki kisu. Vidonge vya bromokriptini au kabagolini huunywesha, na wengi hushika mimba, wengine hata kabla ya kuona hedhi ya kwanza.

Tezi hiyo ikizidisha homoni ya ukuaji, mambo huwa mengine. Mtoto hurefuka kupita kiasi. Robert Wadlow wa Marekani alifikia sentimita 272 kabla ya kufariki mwaka wa 1940 akiwa na miaka 22. Mtu mzima harefuki, hupanuka. Pete haitoki kidoleni, viatu vilivyomtosha vinambana, taya linasonga mbele, meno yanaachana, anakoroma na kutoka jasho. Watu husema pesa zimemkubali. Mabadiliko haya huja polepole kwa miaka, hata wa nyumbani wasitambue, kwa hivyo linganisha uso wako na picha ya kitambulisho cha zamani. Usipotibiwa hufuata kisukari, presha na moyo kupanuka. Hapa mara nyingi hufanywa upasuaji, tena kupitia puani.

Usingoje iwapo kichwa kinauma kila mara nawe huoni vizuri pembeni, mathalani unavuka Jogoo Road na matatu inakutokea ubavuni ghafla. Huenda uvimbe unabonyeza mishipa ya macho. Anza kwenye zahanati ya karibu, uulize kuhusu kipimo cha prolaktini katika damu, na uombe barua ya kwenda Hospitali Kuu ya Kenyatta.

Wakati huo usikamue matiti kila siku kuona kama maziwa yangalipo. Kuyakamua huyachochea yaendelee kutoka.