Kusoma «Mashimo ya Mfalme Sulemani» leo

Vijana wanaopenda vitabu wananiuliza: Mkristo wa Butembo au Beni asome riwaya ya zamani inayowadharau Waafrika? Nasema asome, lakini asiharakishe.

Mwingereza H. Rider Haggard alitoa kitabu hiki mwaka wa 1885, mwaka uleule mkutano wa Berlin ulipomalizika na Leopold II akaichukua Kongo. Tafsiri ya Kiswahili ilitoka 1929. Hadithi ni tamu kweli: Wazungu watatu wanavuka jangwa na milima, wakimtafuta ndugu aliyepotea na almasi za Sulemani.

Tuanze na Biblia. 1 Wafalme 9:26-28 inasema merikebu zilileta talanta 420 za dhahabu kutoka Ofiri. Haisemi Ofiri iko Afrika, wala haitaji mashimo ya Sulemani. Lakini katika riwaya, barabara kuu na sanamu za mawe ni kazi ya wageni wa kale, si ya wenyeji. Wazungu wengi walisema hivyohivyo juu ya Zimbabwe Kuu, iliyojengwa na mababu wa Washona. Ndivyo jina la Biblia lilivyotumika kuwanyang'anya watu kazi ya mikono yao.

Halafu kuna Foulata, msichana aliyemuuguza Mzungu mgonjwa, wakapendana. Kule shimoni anamng'ang'ania mchawi Gagool asitoroke, anachomwa kisu, anakufa. Baadaye msimulizi, Quatermain, anaona kifo hicho kimeepusha matata, kwa sababu ndoa ya wawili hao ingeleta shida. Anasema hayo kwa utulivu kabisa! Hapo fungeni kitabu kidogo. Huyu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu amehesabiwa kuwa kizuizi kilichoondolewa. Almasi zilizojaa mifukoni mwa Quatermain zinafika Uingereza salama.

Sisi tunaoishi karibu na mashimo ya dhahabu, ambao vijana wetu wanashuka Manguredjipa kuchimba, hatuwezi kusoma sura ile kama mtu wa London. Tunajua kuuliza nani alilipa.

Lakini mahali panaponigusa zaidi kama mchungaji ni pale pa kuagana. Umbopa, aliyeajiriwa kama mtumishi, sasa ni mfalme Ignosi. Anakataza wafanyabiashara wenye bunduki na pombe wasiingie nchini mwake. Anakataza wahubiri pia, kwa kuwa anawaona kama watengeneza njia ya Wazungu wengine. Haggard, mtu wa himaya, ameweka maneno hayo kinywani mwa Mwafrika, na hakumpa mtu yeyote jibu la kumshinda. Mimi naamini Injili ilikuwa mali yetu tangu Pentekoste, na towashi wa Kushi aliibeba kabla ya Ulaya nyingi kuisikia. Hata hivyo shtaka la Ignosi si uongo mtupu.

Katika vikundi vya vijana, someni sura hiyo kwa sauti. Kisha ombeni mzee mmoja wa kanisa aeleze jinsi Injili ilivyofika kijijini kwake, na nani wengine walikuja kwa njia ileile.