KODI IKIPUNGUZWA, JE, BEI DUKANI HUSHUKA?

Kila Serikali inapotangaza kwamba kodi ya bidhaa imepunguzwa, wakulima wengi wa skimu huuliza: “Mbona dukani nalipa bei ile ile?” Swali hili ni la haki. Yafaa kila mkulima alielewe jibu lake kabla ya kutumia fedha za majani au bonasi.

Tutazame mfano wa hapa Kenya. Tarehe 1 Aprili 2020, wakati wa ugonjwa wa Korona, Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo wengi huiita VAT, ilipunguzwa kutoka asilimia 16 hadi 14. Tarehe 1 Januari 2021 ikarudishwa 16. Basi nafuu hiyo ilidumu miezi tisa tu.

Nafuu yenyewe ilikuwa kiasi gani? Kitu cha shilingi 100 kikitozwa kodi ya 16 huuzwa 116. Kikitozwa 14 huuzwa 114. Kwa hiyo katika kila shilingi 116 ulizolipa zamani, ulistahili kubakiwa na shilingi 2. Sabuni ya shilingi 174 ingekuwa 171. Mabati ya shilingi 58,000 yangekuwa 57,000. Waona kwamba katika sabuni nafuu ni senti za kupotea njiani, lakini katika mabati ni shilingi 1,000 nzima.

Jambo la pili: si kila kitu kilikuwa na kodi hiyo. Unga wa mahindi haukutozwa VAT, kwa hiyo mwenye duka hakuwa na kodi ya kukupunguzia. Sukari, mafuta ya kupikia, sabuni na mabati vilitozwa.

Sasa tuje kwenye kiini cha habari. Sheria ya kodi humwambia mfanyabiashara apeleke kiasi gani Serikalini. Haimwambii auze kwa bei gani. Akiamua kuacha bei ya 116 na kupeleka kodi ndogo, tofauti inabaki mfukoni mwake, naye hajavunja sheria ya kodi.

Lakini usimhukumu kila mwenye duka. Maduka madogo ya vijijini mengi hayajaandikishwa kwa VAT. Mwaka ule wa 2020, aliyelazimika kujiandikisha ni yule mwenye mauzo ya shilingi milioni 5 au zaidi kwa mwaka. Mwenye duka dogo hulipa kodi ndani ya bei ya muuza jumla wala hawezi kuidai. Mali aliyoinunua mwezi wa Machi aliilipia kodi ya 16, na nafuu ilimfikia pale tu muuza jumla wa Kericho au Sotik alipomshushia bei.

Jambo hili halipo kwetu peke yetu. Katika nchi ya Ufini, kodi ya kazi za vinyozi ilishushwa kutoka asilimia 22 hadi 8 mwezi wa Januari 2007, kisha ikapandishwa hadi 23 mwezi wa Januari 2012. Wataalamu waliopima bei waliona kwamba kodi ilipopanda, bei zilipanda zaidi kuliko zilivyoshuka kodi ilipopungua.

Mafuta ya petroli ni tofauti, kwa sababu bei yake ya juu kabisa hutangazwa na Serikali. Mwezi wa Septemba 2018 kodi ya mafuta ilipopunguzwa kutoka asilimia 16 hadi 8, bei mpya zilitangazwa, na kituo hakikuruhusiwa kuuza zaidi ya hapo.

Basi mkulima, kodi ikipunguzwa tena, fanya hivi:

1. Uliza kwanza kama kitu unachotaka kinatozwa kodi hiyo.

2. Andika katika daftari bei za kabla ya siku ya mabadiliko. Asiyejua bei ya jana hawezi kudai nafuu ya leo.

3. Kwa ununuzi mkubwa, kama mabati au saruji, uliza bei katika maduka mawili matatu, Litein, Sotik au Bomet. Mfanyabiashara hushusha bei akijua kwamba jirani yake ameshusha.

4. Dai risiti ya mashine. Huonyesha kodi uliyotozwa. Lakini angalia pia jumla: kodi yaweza kupungua na jumla ikabaki ile ile.

5. Unganeni majirani mkanunue pamoja kwa muuza jumla.

6. Jua siku nafuu itakapokoma. Bonasi ya chai kwa kawaida hulipwa karibu na mwezi wa Oktoba. Mwaka 2020, aliyetaka kuezeka nyumba kwa bonasi yake alikuwa na nafasi mpaka tarehe 31 Desemba tu.

Serikali ikipunguza kodi, imefungua mlango. Anayeuliza bei na kupiga hesabu ndiye anayeingia.