Kimo cha Pikapu ya Gitaa: Kweli au Si Kweli?

Gitaa la umeme likitoa mlio mbaya, wa kwanza kulaumiwa ni pikapu, wa pili amplifaya. Mwenye nazo huagiza pikapu mpya, asiye nazo huvumilia. Wachache hushika bisibisi na kuangalia zile skrubu mbili zilizo kando ya pikapu, ambazo kazi yake ni kuipandisha na kuishusha. Milimita moja pale inatosha kubadilisha mlio. Tatizo ni kwamba kimo hicho kimezungukwa na maneno mengi ya vyumba vya mazoezi, mengine ya kweli, mengine ya kusikia tu. Tuyapime.

1. "Pikapu ni maikrofoni ndogo inayodaka mlio hewani."

SI KWELI. Pikapu ya kawaida ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba, maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake huuchezesha uga wa sumaku, na ndani ya koili huzaliwa umeme mdogo unaofuata mtikisiko huo. Funga nyuzi za nailoni kwenye gitaa hilo, upige kwa nguvu zako zote: amplifaya haitasema kitu. Umbali una uzito kwa sababu hiyohiyo. Nguvu ya sumaku hupungua upesi kadiri uzi unavyokaa mbali na ncha yake.

2. "Kadiri pikapu inavyokaribia nyuzi, ndivyo mlio unavyokuwa mzuri."

SI KWELI, na hili ndilo kosa linaloharibu magitaa mengi. Ukweli wake ni nusu: ikikaribia, sauti inakuwa kubwa na kishindo cha kudonoa uzi kinatoka kikali. Lakini sumaku haisikilizi tu, inavuta pia. Uzi hutikisika juu na chini, na vilevile kushoto na kulia. Sumaku iliyo karibu mno huuchelewesha ule mtikisiko wa kuelekea kwake, mwingine ukaendelea karibu na mwendo wake wa kawaida. Matokeo yake, uzi mmoja hutoa sauti mbili zilizopishana kidogo, na sikio linasikia noti inayoyumbayumba.

Kasoro hii inajulikana sana kwenye Stratocaster, gitaa ambalo Fender walilitoa mwaka 1954. Lina pikapu tatu, na katika muundo wake wa asili ncha za sumaku zenyewe ndizo zinazoelekea nyuzi, kwa hiyo mvuto ni mkubwa. Jaribu hivi: chagua pikapu ya shingoni, bonyeza uzi wa sita kwenye freti ya 12, kisha panda hadi ya 15 na ya 17. Noti ikiyumba au ikisikika kama haijatyuniwa ilhali uzi mtupu uko sawa, usikimbilie daraja. Shusha pikapu kwanza. Kuna mafundi wanaohangaika na vipande vya daraja saa nzima wakati mkorofi ni sumaku.

Kwa wapiga solo wa dansi na rumba jambo hili si dogo. Sebene hupandishwa juu ya shingo, kwa sauti safi, mara nyingi noti mbili zikipigwa pamoja. Noti moja ikiyumba, ile ya pili inachafuka nayo.

3. "Kuna kipimo kimoja sahihi kwa magitaa yote."

SI KWELI. Vipimo vya viwandani ni mahali pa kuanzia tu. Kwa pikapu zake za mtindo wa zamani, Fender hupendekeza takriban milimita 2.4 upande wa nyuzi nene na 2 upande wa nyuzi nyembamba. Gibson huanzia kwenye takriban milimita 2.4 kwa pikapu ya shingoni na 1.6 kwa ya darajani. Tofauti hizo zina sababu. Katika pikapu ya Gibson yenye koili mbili sumaku imelazwa chini, haitazamani na uzi moja kwa moja, hivyo inavuta kidogo na inaweza kusogezwa karibu zaidi.

Namna ya kupima nayo ina utaratibu. Bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho kabisa, kisha pima kutoka chini ya uzi hadi juu ya ncha ya sumaku au skrubu yake. Ukipima uzi ukiwa mtupu, utajidanganya: ukija kupiga juu ya shingo, uzi unashuka na kuikaribia pikapu.

4. "Pikapu ya darajani inatakiwa ikae juu kuliko ya shingoni."

KWELI kwa magitaa mengi. Karibu na daraja uzi hutikisika kidogo sana. Karibu na shingo hucheza kwa upana. Pikapu mbili zenye nguvu sawa zikiwekwa kimo kimoja, ya shingoni itaimeza ya darajani. Pima kwa kubadilisha swichi katikati ya wimbo. Sauti ikizama unapohamia darajani, shusha ya shingoni kabla hujafikiria kupandisha ya darajani.

5. "Upande wa nyuzi nene ushuke zaidi."

KWELI, mara nyingi. Uzi mnene una chuma kingi, hivyo unaisukuma pikapu kwa nguvu na wenyewe unavutwa kwa nguvu. Ukiinamisha pikapu kidogo upande huo, uzi wa sita unaacha kuvuma ovyo na nyuzi za juu zinapata nafasi ya kusikika.

6. "Ukishusha pikapu, ule mvumo wa umeme unapungua."

SI KWELI. Mvumo wa mizunguko 50 kwa sekunde, tunaousikia Dar es Salaam na Nairobi kwa kuwa ndio umeme wetu, huingia kwenye koili kutoka kwenye nyaya na transfoma zilizo karibu. Haujali uzi uko umbali gani. Ukishusha pikapu, kinachopungua ni sauti ya uzi. Unaongeza volyumu kuifidia, na mvumo unapanda nayo. Dawa ya mvumo ni nyingine. Mwaka 1955 Seth Lover wa Gibson aliomba hataza ya pikapu ya koili mbili zinazofutiana mvumo, na tangu mwaka 1957 ikawekwa kwenye magitaa ya Gibson ya Les Paul.

7. "Ncha za sumaku zisizolingana ni kasoro, zigonge zikae sawa."

SI KWELI, na ni hatari. Stratocaster ilipobuniwa, uzi wa tatu ulikuwa umeviringwa waya kama nyuzi nene, na ncha yake ikainuliwa kuusaidia. Siku hizi wengi hufunga uzi wa tatu usioviringwa, ndiyo maana kwenye pikapu za mtindo huo unaweza kupiga kelele kuliko wenzake. Lakini kwenye pikapu nyingi za aina hiyo waya wa koili umezungushwa moja kwa moja juu ya sumaku. Ukisukuma ncha, unaweza kuukata, na pikapu ikanyamaza. Penye skrubu sita za kusogeza, kama kwenye pikapu nyingi za Gibson, zungusha hizo taratibu.

8. "Kuzungusha skrubu kulia huipandisha pikapu."

KWELI kwa Stratocaster na kwa pikapu za koili mbili zilizofungwa kwenye fremu ya plastiki. SI KWELI kwa gitaa ambalo pikapu yake imefungwa moja kwa moja kwenye mbao, kama ya shingoni kwenye Telecaster nyingi: huko kukaza ni kushusha, na huenda ukalazimika kufungua kibao cha plastiki kwanza. Zungusha nusu mzunguko, tazama inakwenda wapi, ndipo uendelee.

9. "Kazi hii ni ya fundi tu."

SI KWELI. Unahitaji bisibisi inayokaa vizuri kwenye skrubu, rula yenye milimita, na sikio lako. Andika vipimo vya sasa kabla hujagusa chochote. Tyuni gitaa, fungua volyumu yake yote, weka amplifaya kwenye sauti safi. Anza na pikapu ya shingoni: ishushe mpaka noti za juu zitulie, kisha ipandishe robo mzunguko kwa robo mzunguko, ukisimama kabla hazijaanza kuyumba. Fuata ya katikati kama ipo, kisha ya darajani, ukizilinganisha kwa swichi. Mwisho tyuni upya, kwani mvuto umebadilika. Mlio ukiwa bado haukuridhishi baada ya hapo, sasa una sababu ya kufikiria pikapu nyingine. Na ukiona umeharibu, vipimo vya mwanzo unavyo kwenye karatasi.