Kufungua Mlango Mmoja wa Ruta Nyumbani

Watu wengi wenye kompyuta nyumbani wamezoea kuchukua tu kutoka katika intaneti. Huchukua habari, picha, vitabu na programu, wala hawajiulizi vitu hivyo vyatoka katika mashine ya nani. Lakini iko mitandao isiyo na bwana mmoja wala ghala moja. Humo kila kompyuta ni mwenzi wa nyingine: hupokea, na yenyewe hutoa. Kompyuta ya namna hiyo huitwa nodi. Makala haya yataeleza jinsi ya kuitengeneza ruta ya nyumbani ili nodi ipate kufikiwa na wenzi wake, na hadhari zipasazo kuchukuliwa.

Na tuchukue mfano wa BitTorrent, utaratibu uliobuniwa na Mmarekani Bram Cohen mwaka 2001. Faili kubwa hukatwa vipande vingi, na kila kipande kina muhuri wake wa hesabu. Mtu akiisha kupata kipande kimoja, aweza kumpa mwenzake hata kabla hajapata vyote. Kipande kilichoharibika njiani hukataliwa, kwa sababu muhuri wake haulingani. Debian, mfumo wa kuendeshea kompyuta utolewao bure, husambazwa kwa njia hii pia. Kila mtu anayeiacha kompyuta yake iendelee kutoa vipande huwapunguzia mzigo wale waliokuwa wakitoa peke yao.

Sasa, kwa nini mlango ufunguliwe? Fikirini shule ya bweni yenye sanduku moja la posta. Barua zote huja kwa namba ya sanduku hilo, naye karani ndiye azigawaye. Ruta ni kama karani yule. Nyumba nzima ina anwani moja tu ijulikanayo nje. Simu na kompyuta zilizomo ndani zina anwani zao za ndani, ambazo aghalabu huanza na 192.168. Kompyuta ipelekapo barua, karani huandika daftarini ni nani aliyepeleka, na jibu likija humpa mwenyewe. Lakini ikija barua ambayo hapana aliyeitazamia, karani haoni daftarini ampe nani, basi huitupa.

Tusomapo habari hatuoni hasara yo yote, maana sisi ndio tuanzao kuuliza. Bali katika mtandao wa wenzi hapana budi mmoja abishe hodi na mwingine aitikie. Nyumba mbili zikiwa zimefungwa zote mbili, hakuna wa kuitikia. Programu nyingine zina hila za kupenya, lakini hazifaulu kila mara. Kwa hiyo wale walioacha mlango wazi ndio wabebao mzigo wa wengi.

Dawa yake ni kumpa karani amri ya daima: "Barua yo yote yenye namba hii, mpelekee fulani, hata kama hakuitazamia." Namba hiyo huitwa poti, nazo zipo kutoka 1 hata 65535. Transmission, ambayo ni programu mojawapo ya BitTorrent, hutumia 51413 isipobadilishwa. Kazi yenyewe hufanywa hivi:

Kwanza, itengee kompyuta anwani ya ndani isiyobadilika, mathalani 192.168.1.20. Ruta nyingi zina ukurasa wa kutengea anwani. Usipofanya hivyo, kesho kompyuta yaweza kupewa anwani nyingine, na amri yako itapeleka barua kwa mtu mwingine.

Pili, fungua ukurasa wa ruta kwa kuandika anwani yake katika kivinjari. Mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, nayo huandikwa katika karatasi iliyobandikwa chini ya ruta. Ikiwa neno la siri ni lile lile la kiwandani, libadilishe kabla ya kufanya jambo lingine lo lote.

Tatu, tafuta mahali palipoandikwa "Port Forwarding" au "Virtual Server". Andika namba ya nje 51413, anwani ya ndani 192.168.1.20, na namba ya ndani 51413. Chagua TCP na UDP zote mbili, kisha hifadhi.

Nne, ikiwa kompyuta yenyewe ina ukuta wa ulinzi, iruhusu programu ile ipokee wageni.

Tano, jaribu. Iwashe Transmission, uende katika mipangilio yake ya mtandao. Huko utaona kama mlango u wazi au umefungwa. Programu ikiwa imezimwa mlango huonekana umefungwa, kwa kuwa hakuna wa kuitikia.

Pengine mtu atafanya yote sawasawa, na mlango usifunguke. Hapo atazame ile anwani ya nje iliyoandikwa katika ruta. Ikiwa yaanza na 10 au 192.168, au imo baina ya 100.64 na 100.127, basi ruta yake haina sanduku lake. Imeazima la kampuni ya intaneti, pamoja na nyumba nyingine nyingi. Barua huishia kwa karani wa kampuni, wala amri tuliyompa karani wetu haimfikii. Sababu ni uhaba. Anwani za namna ya zamani hazizidi 4,294,967,296 duniani pote, na mafungu ya mwisho ya akiba kuu yaligawanywa mwezi wa Februari 2011. Mwenye shida hii aweza kuiomba kampuni anwani yake mwenyewe, ambayo huenda ikalipiwa. Au, kama ipo, atumie IPv6, ambayo anwani zake ni nyingi mno. Huko haihitajiwi kuelekeza, ila ruta iruhusu mlango ule.

Hadhari sasa. Fungua mlango mmoja tu, ule uujuao kazi yake. Usiielekeze ruta ipeleke milango yote kwa kompyuta moja, kama mipangilio iitwayo "DMZ" ifanyavyo. Usifungue 3389 wala 445, maana wezi huzunguka intaneti mchana na usiku wakizijaribu namba hizo. Programu inayopokea wageni isasishwe kila mara, na ukiacha kuitumia, futa amri yake katika ruta. Iko pia njia iitwayo UPnP, ambayo huiruhusu programu ijifungulie mlango yenyewe. Ni nyepesi, lakini programu mbaya nayo yaweza kuitumia vivyo hivyo.

Wanafunzi waombe ruhusa ya wazazi kwanza, kwa sababu kutoa vipande hula bando kama kupokea, na ruta ya shule isiguswe bila idhini ya mwalimu. Tena tutoe vile tu ambavyo wenyewe wameruhusu visambazwe, kama Debian. Kugawa filamu na vitabu vya watu bila idhini yao ni kosa.

Wahenga walisema, "Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri." Kompyuta kuukuu yenye mlango mmoja uliofunguliwa kwa kujua yaweza kuwafaa watu wa mbali ambao hatutawaona kamwe.