Lenzi ya Ghali Nayo Ina Skrubu

Ndugu msikilizaji, tumezoea kusema kwamba rahisi ni ghali, na mara nyingi usemi huo ni wa kweli. Lakini wapo wanaougeuza na kuamini kwamba, kwa hiyo, kilicho ghali hakiharibiki. Katika mazungumzo yetu ya juma hili tutaipima imani hiyo kwa kutazama chombo ambacho vijana wengi wa mijini wamekifanya kuwa jembe lao, yaani lenzi ya kamera, hasa zile lenzi kubwa za wapiga picha wa kazi.

Chukua mfano wa mpiga picha wa Mandewa, katika Manispaa ya Singida. Riziki yake ni harusi, ubatizo na mahafali. Msimu wake mkubwa huanza baada ya mavuno, watu wakishauza alizeti na vitunguu. Huo ndio wakati wa kiangazi, ambapo upepo wa Singida huinua vumbi kutwa nzima. Anatundika mkoba begani, anapanda bodaboda kwenda Ilongero au Ikungi, na kurudi usiku. Mara nyingi ana lenzi moja tu ya maana, aliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika, kwa akiba ya miezi mingi au kwa mkopo. Lenzi hiyo ikigoma wakati bwana harusi anamvisha pete bibi harusi, hakuna wa kuwaambia warudie kiapo. Picha imepotea, na jina la mpiga picha limeharibika mtaa mzima.

Basi lenzi ni kitu gani hasa? Wengi tukiitazama tunaona kioo. Kwa kweli ni vioo vingi, pengine kumi na vitano au zaidi, vilivyopangwa kwa makundi ndani ya mabomba ya chuma na plastiki. Unapozungusha pete ya zumu, makundi hayo huteleza mbele na nyuma katika mifereji iliyochongwa. Kuna mota ya kulenga, kuna vibati vyembamba vinavyofungua na kufunga tundu la mwanga, na kuna tepe nyembamba za umeme zinazounganisha vyote hivyo na kamera. Kwa maneno mengine, lenzi ni mashine. Na kama ilivyo kwa mashine yoyote, kioo chenyewe huharibika mara chache. Kinachochoka ni skrubu, mifereji, grisi na tepe.

Ubaya wa kwanza ni kioo kuhama mahali pake. Vioo vyote vinatakiwa kukaa katika mstari mmoja. Kimoja kikiinama kidogo tu, upande mmoja wa picha unakuwa mkali na upande wa pili unakuwa na ukungu. Katika picha ya mtu mmoja hutaona kitu. Lakini wapange ndugu ishirini mbele ya ukumbi, na wajomba wa upande wa kulia watatoka bila sura. Lenzi ya Canon ya 24-70mm f/2.8L, iliyotoka mwaka 2002, ni mfano unaojulikana sana na mafundi. Ina uzito wa gramu 950, na sehemu yake nzito ya mbele hutembea kila zumu inapozungushwa. Vishikizo vidogo vinavyoiongoza vikilika au kulegea, sehemu hiyo hucheza, na ukali wa picha hupotea.

Roger Cicala, mwanzilishi wa kampuni ya LensRentals ya Marekani inayokodisha lenzi, ametumia miaka mingi kuzifungua na kuzipima. Ameeleza mara nyingi kwamba lenzi mbili za aina moja, zilizotoka katika kiwanda kimoja, hazilingani kabisa. Kwa hiyo sifa za lenzi ya rafiki yako si hakikisho la lenzi yako.

Ubaya wa pili uko shingoni, pale lenzi inapojifunga kwenye kamera. Umbali kutoka pete hiyo hadi mahali picha inapoangukia umewekwa kwa kipimo kisichobadilika: milimita 44 kwa kamera za Canon EF, na milimita 46.5 kwa Nikon F. Skrubu chache ndizo zinazoshikilia kipimo hicho. Mtikisiko wa bodaboda kwenye barabara ya makorongo, siku baada ya siku, unaweza kuzilegeza. Pete ikiachia upande mmoja, hata kwa unene wa unywele, lenzi nzuri kabisa itatoa picha mbaya. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ufa ni skrubu moja.

Ubaya wa tatu ni tepe za umeme. Tazama lenzi nyingine ya Canon, ile ya 24-105mm f/4L ya mwaka 2005, ambayo wapiga harusi wengi duniani waliipenda. Ilianza na kasoro ya kiwandani: katika mwaka huohuo Canon ilikiri kwamba baadhi ya lenzi hizo zilikuwa zikionyesha miale isiyotakiwa kwenye picha, ikajitolea kuzirekebisha bure. Baada ya miaka ya matumizi kikajitokeza kingine. Utepe unaoendesha tundu la mwanga hukunjwa na kukunjuliwa kila unapozungusha zumu, na mwisho wake hukatika. Dalili yake ni ya ajabu. Ukipiga kwa f/4, tundu likiwa wazi kabisa, picha inatoka vizuri, kwa sababu vibati havihitaji kusogea. Ukiweka f/8, kamera inagoma na kuandika Err 01. Mwenye nayo hudhani kamera imekufa, kumbe ni utepe tu.

Mota nazo huchoka. Baadhi ya lenzi za Nikon za 17-35mm f/2.8, aina iliyotoka mwaka 1999, zinajulikana kwa kulia kama bawaba kavu wakati wa kulenga. Mlio huo ni onyo kwamba mota imeanza kuchoka.

Sasa tuje kwenye vumbi, ambalo mtu wa Singida hana haja ya kuelezwa. Lenzi inayorefuka wakati wa kuzumu hupumua: ikirefuka inavuta hewa, ikirudi inaitoa. Pamoja na hewa huingia vumbi. Lenzi za ghali huwekewa mpira shingoni na kwenye pete ili kulipunguza, lakini kupunguza si kuzuia. Kwa lenzi kama 17-40mm f/4L, Canon wenyewe walielekeza kwamba kinga hiyo haikamiliki mpaka ufunge filta mbele. Hata hivyo, usihangaike kwa sababu ya chembe tatu nne zilizo ndani. Hazionekani kwenye picha. Vumbi la kuogopwa ni mchanga unaoingia kwenye mifereji na kuisaga. Ukisikia mkwaruzo unapozungusha pete, acha kulazimisha.

Mtu atauliza: kama lenzi ya bei nafuu nayo ina matatizo hayo hayo, tunalipia nini? Jibu ni kwamba lenzi ya ghali hufungua tundu kubwa zaidi ili ipate picha ndani ya ukumbi wenye mwanga hafifu. Tundu kubwa linahitaji vioo vikubwa na vizito, na haliwezi kuficha kosa dogo la upangaji. Tena lenzi hiyo hufanya kazi kila juma, wakati ile ya bei nafuu hulala kabatini. Unacholipia ni uwezo, na aghalabu nafasi ya kurekebishwa inapopotoka. Hulipii uzima wa milele.

Kwa hiyo, kabla hujahesabu fedha, iwe ni Singida, Arusha au Kariakoo, ipime lenzi. Zungusha pete zote taratibu. Ziwe na uzito ule ule mwanzo hadi mwisho. Shika ncha ya mbele uitikise kidogo; ikicheza sana, uliza maswali. Igeuze itazame chini. Bomba likiteremka lenyewe, jua kwamba imelegea. Kelele ya kugongagonga ndani pekee isikutishe, kwa maana lenzi nyingi zenye kituliza mtikisiko, na nyingi za kisasa zenye mota za mstari, hugonga hivyo zikiwa zimezimwa. Kisha ifunge kwenye kamera upige picha kwa tundu lililo wazi, halafu f/8, halafu f/16, zumu ikiwa karibu na ikiwa mbali.

Mwisho, tafuta ukuta wa matofali. Weka kamera kwenye stendi, iukabili ukuta sawasawa, upige tundu likiwa wazi kabisa. Upande mmoja ukitoka na ukungu, igeuze kamera juu chini upige tena. Ukungu ukihamia upande wa pili wa ukuta, lenzi ina kasoro. Ukibaki kwenye matofali yale yale, wewe ndiye hukuweka kamera sawa.

Tazama pia skrubu za shingoni. Vichwa vyake vikiwa vimechubuka, lenzi imeshafunguliwa na mtu asiye na zana. Skrubu nyingi za lenzi za Kijapani zina umbo lake, linalofanana na nyota ya kawaida lakini si lile lile, na bisibisi ya dukani huzila vichwa. Ndani kuna vibati vyembamba vya kusawazisha, vyenye unene wa sehemu ndogo sana ya milimita. Fundi wa redio, hata awe hodari namna gani, akikiacha kimoja mezani, lenzi itafungika vizuri, itang'aa, wala haitalenga tena.

Ndugu msikilizaji, mkulima hunoa jembe kabla ya mvua, na dereva hupima oili kabla ya safari. Mpiga picha naye atenge sehemu ndogo ya malipo ya kila harusi kwa ajili ya matengenezo, aifunge lenzi ndani ya mkoba wenye sponji badala ya kuiacha ikining'inia kifuani juu ya pikipiki, na aijaribu siku mbili kabla ya sherehe, si asubuhi ile ile. Bei aliyolipa dukani imempa chombo kizuri. Kukifanya kidumu ni kazi yake mwenyewe.

Hadi juma lijalo, kwaherini.