Fursa ya Jaribio la Pili

Kila mwaka ufikapo Januari, matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari hapa Kenya, yakiwa yamekwisha kutangazwa, katika magari yatokayo Bungoma kwenda Kitale kwa njia ya Webuye, Misikhu na Kamukuywa, huonekana vijana waliokwisha kumaliza Kidato cha Nne wakirejea tena masomoni na masanduku yao ya bati, wakavae sare ya skuli nyingine na kuketi pamoja na wadogo zao, kwa kuwa gredi waliyoipata haikufikia ile C+ iliyo mlango wa Chuo Kikuu. Mzazi aliyeuza magunia ya mahindi kwa karo ya miaka minne huuza mengine kwa mwaka wa tano. Naye kijana, ambaye aghalabu upungufu wake ulikuwa katika Hisabati na somo moja au mawili ya sayansi, kwa miaka mingi amelazimika kuyarudia yote saba, aliyoyafaulu na aliyoshindwa, maana gredi ya jumla ilitokana na mtihani wa mwaka mmoja. Jirani zetu wa Tanzania huweza kujiandikisha kama watahiniwa wa kujitegemea wakafanya yale masomo yaliyowashinda tu, na jambo hilo limekwisha kupata jina lake mitaani: kurisiti.

Simlaumu kijana huyo, wala mzazi wake. Lakini kila nikiwaona hujiuliza: je, kosa hili lilionekana lini kwa mara ya kwanza? Hakika halikuzaliwa siku ya mtihani.

Mtazame kijana huyo alipokuwa Kidato cha Pili, akifundishwa logarithimu. Katika wiki ya tano hupewa jaribio. Baada ya siku chache karatasi hurejeshwa, na juu yake pameandikwa kwa kalamu nyekundu 11 kati ya 40. Mwalimu hufanya maswali mawili matatu ubaoni, kisha, kwa kuwa silabasi ni ndefu na muhula ni mfupi, huingia katika mada ya mistari minyoofu. Mtoto huikunja karatasi yake mara nne, akaichomeka katikati ya daftari, na tangu hapo hapana mtu amwulizaye habari zake. Mwaka wa pili yake, katika Kidato cha Tatu, logarithimu hurudi zikiwa ngumu zaidi, zikamkuta hajui hata zile za mwanzo. Jaribio lilikwisha kusema wazi ni wapi pana tundu. Sisi tukaiandika habari hiyo katika ripoti, tukaiacha.

Mkulima wa Trans Nzoia hafanyi hivyo. Akisha kupanda mwezi wa Machi au Aprili, na mahindi yakaanza kuchomoza, hupita mstari kwa mstari akitazama mashimo yasiyoota, na penye pengo hutia mbegu nyingine papo hapo. Hangoji mavuno ya Oktoba ili alilime upya shamba zima kwa sababu ya mashimo hayo. Kadhalika katika madrasa, ambazo magharibi ya Kenya zimejulikana tangu wafanyabiashara wa pwani walipofika Mumias katika karne ya 19, mtoto husikilizwa alichohifadhi. Akikosea hurudishwa, akasoma tena, akasikilizwa tena, wala havuki kwenda sura nyingine mpaka ameikamilisha ile aliyo nayo. Hapana anayeona kwamba mtoto huyo amepewa upendeleo.

Jambo hili la kumrekebisha mwanafunzi kabla ya kumvusha lilipangwa kwa utaratibu wa kitaaluma mwaka 1968 na Benjamin Bloom wa Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani. Rai yake ilikuwa kwamba wanafunzi walio wengi wanaweza kuufikia ujuzi uleule iwapo watapewa muda unaowatosha: wafundishwe, wajaribiwe, warekebishwe pale walipoteleza, kisha wapewe jaribio la pili lenye maswali mengine juu ya mada ileile.

Najua hujja za walimu, nazo ni za kweli. Tangu 2018, serikali ilipoagiza kila mtoto amalizaye shule ya msingi aingie sekondari, madarasa yamefurika, na mwalimu mwenye karatasi 60 za kusahihisha hatafurahi kuongezewa nyingine 60. Lakini jaribio la pili halimhusu kila mtu. Ni la wale walioshindwa, katika sehemu iliyowashinda, maswali matano au sita yatosha. Na ili pasiwe na mvivu atakayelipuuza la kwanza kwa kutumainia la pili, mwanafunzi asiruhusiwe kulifanya mpaka ameleta masahihisho kwa mkono wake mwenyewe, akieleza kila swali alikosea wapi na kwa nini. Ama alama, rai yangu ni kwamba iandikwe ile ya mwisho bila kupunguzwa, kwa kuwa alama ni shahidi wa anachokijua mtoto leo, wala si adhabu ya asichokijua mwezi uliopita. Yule aliyefaulu mara ya kwanza hakunyang'anywa kitu.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, katika kifungu cha 35, imekataza mtoto kuzuiliwa darasani asipande, na makusudio yake ni mema. Ila mtoto anayepandishwa bila kurekebishwa hupanda na pengo lake. Sasa ambapo mfumo wa 8-4-4 unaelekea ukingoni, na mtaala wa umilisi unazipa uzito tathmini za shuleni, tathmini hizo zisipopata nafasi ya kurudiwa zitakuwa ni KCSE ndogo ndogo nyingi.

Walimu wakuu wa Kitale na Bungoma, nawasihi muanze na somo moja na kidato kimoja muhula huu: mtenge saa moja ya Jumamosi asubuhi, muwaite wale wenye karatasi zilizokunjwa madaftarini, na muwaambie waje nazo pamoja na masahihisho yao.