Kamakis: Kabla ya mbuzi choma kulikuwa kahawa

Ukishuka Kamakis Ijumaa jioni, pale Eastern Bypass inapokutana na Thika Road, moshi wa nyama ndio unakukaribisha. Unaagiza mbuzi, ugali na kachumbari, mbogi inaanza stori. Lakini umewahi kujiuliza pande hizi zilikuwaje zamani?

Kahawa, msee. Ruiru ilikuwa nchi ya mashamba makubwa ya walowezi. Mwaka wa 1944 serikali ya kikoloni ilichukua shamba la Jacaranda kwa ajili ya utafiti, na mwaka wa 1985 watafiti wa hapo wakatoa Ruiru 11, mbuni unaostahimili ugonjwa wa kuozesha matunda. Ukielekea Nairobi utapita Kahawa Sukari na Kahawa Wendani. Jina lipo, mibuni imeenda.

Kisha barabara ikaja. Thika Superhighway ilifunguliwa 2012, na mashamba yakageuka ploti. Sensa ya 2009 ilihesabu watu kama 239,000 mjini Ruiru. Ile ya 2019 ikapata zaidi ya 490,000. Idadi imeongezeka maradufu kwa miaka kumi tu!

Sasa nikupeleke Uholanzi kidogo. Kuna kijiji kinaitwa Giethoorn. Wazee wa huko walichimba udongo wa kinamasi, wakaukausha, wakautumia kama kuni. Mashimo yakawa maziwa, na mitaro ya kusafirishia mzigo ikawa njia za mashua. Waliichimbua ardhi yao vibaya, lakini maji waliyaachia njia. Leo watalii wanalipa kuzungushwa kwenye mitaro hiyohiyo.

Sisi je? Shamba la kahawa lilikunywa mvua. Tukang'oa mibuni, tukamwaga saruji na kabro, ukuta hapa, ghorofa pale. Mvua haijapunguza kazi yake, bado inatafuta Mto Ruiru ndiyo ifike Athi. Ikikosa mtaro inapitia sebuleni kwako.

Kwa hivyo kabla ulipie keja au ununue ploti pande hizi, usiangalie tailsi na WiFi pekee. Nenda siku ya mvua. Uliza majirani maji yalifika wapi wakati wa mafuriko ya 2024. Angalia mtaro unaelekea wapi, na kama mto uko karibu, ukuta umeukaribia kiasi gani. Mwenye nyumba akikwepa swali, shika matatu uende zako. Mbuzi utakula siku nyingine.